Hii si kuunda, ni kuezeka

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa vyombo Matondoni, kisiwani Lamu. Karo yangu yote ya shule ilitoka kwenye tezo yake, lile shoka dogo la kuchongea mbao. Lakini mimi kuishika tezo kwa mkono wangu mwenyewe nimeishika nikiwa na miaka 38, Tromsø, juu kabisa kwenye ramani ya Norway, nje theluji imepanda mpaka chini ya dirisha.

Matondoni, mtoto wa kike mwisho wake ufukweni ni sinia. Tulipeleka chai na mahamri asubuhi, tukaweka kwenye kivuli cha chombo kilichotegemezwa kwa magogo, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Hukatazwi jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyefikiri utalitaka. Basi nikakua naijua harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao, na mlio wa nyundo ya kalafati, ya kusindilia pamba kwenye nyufa za mbao, nautambua hata leo kabla sijaona picha. Majina ya vitu sikuyajua. Nilichojua ni kwamba chombo kina omo mbele na kina tezi nyuma, na kwamba baba akiwa amekasirika usipite upande wowote kati ya hizo mbili.

Huku nimekuja kwa kazi ya uuguzi, mwaka wa tisa sasa. Jua la Tromsø huaga mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Si giza totoro mchana kutwa kama wanavyodhani watu wa nyumbani. Kwenye adhuhuri huja mwanga wa buluu, kama alfajiri iliyosahau kuendelea. Miaka miwili ya mwanzo nilikaa ndani, pazia chini, kikombe mkononi, nikihesabu siku.

Wenyeji wana dawa yao: kutoka nje. Wana na neno lake, friluftsliv, maisha ya hewa wazi, na wanalitamka kama sisi tunavyotamka neno swala. Jumatatu kazini hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana walitembea wapi. Mwanzoni niliona ni maradhi ya watu wasio na shughuli. Kwetu ukimkuta mtu msituni hana shoka wala panga, utamuuliza amepotelewa na nini. Hawa wanapanda mlima kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri, wanafika kileleni, wanakula chungwa, wanashuka. Chungwa! Nikauliza kwani hilo chungwa haliliki chini.

Lakini kuna kitu kimoja kilichonifanya niwaangalie upya. Wana sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, mwenyeji na mgeni, haki ya kupita kwa miguu kwenye ardhi isiyolimwa hata ikiwa ina mwenyewe, na kupiga hema mpaka siku mbili bila kuomba ruhusa, mradi ukae mita 150 kutoka kwenye nyumba ya watu. Nilirudia kuisoma. Mimi natoka kwenye pwani yenye fukwe nilizochezea utotoni, ambazo leo zina ukuta na mlinzi, na mlinzi ananiuliza naenda kwa nani. Nikavaa viatu nikatoka. Kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi, lakini nilitoka.

Darasa la mashua aliniandikisha muuguzi mwenzangu. Alishachoka kunisikia nikisema baba yangu alikuwa hivi na hivi. Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye banda moja nje ya mji, watu saba na mwalimu mmoja aliyepita miaka 70. Hapa kila mtu huitwa kwa jina lake kavu, hata daktari mkuu, hata waziri. Mimi ulimi ulikataa. Siwezi kumwita mzee wa umri ule kwa jina kama namwita paka, na pale hapakuwa na neno la kumwekea mbele. Nikamwita Fundi. Akauliza maana yake, nikamwambia. Wiki ya pili darasa zima wanamwita Fundi, na yeye mwenyewe akipokea simu anajitambulisha hivyo kwa mzaha.

Tulichokuwa tunaunda ni færing, mashua ndogo ya makasia manne, urefu kama mita tano. Ni mtoto wa mwisho wa ukoo wanaouita Nordlandsbåt. Ndugu zake wanapanda kwa ukubwa mpaka kwenye fembøring, chombo cha wazi cha zaidi ya mita kumi, mlingoti mmoja, tanga moja la mraba. Ukoo huu wote una sura moja: ncha mbele, ncha nyuma, na shingo iliyoinuka juu kama bata mzinga aliyesikia jambo. Mtu wa Lamu akiona kwa mbali atasema ni dau lililonyooshwa shingo.

Kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, sikupata taabu, hata mimi naujua mkuku. Tukasimamisha shingo ya mbele na ya nyuma. Kisha nikangoja mataruma, zile mbavu za ndani za chombo. Hayakuja. Fundi akaleta ubao wa kwanza akaufunga kwenye mkuku, ukaelea hewani bila kitu cha kuushika ndani, isipokuwa fito zilizotoka kwenye boriti za dari kuukandamiza. Akaleta wa pili. Na ule wa pili haukukaa ubavuni mwa mwenzake, ulipanda juu ya ukingo wake, upana wa kidole gumba. Baina yao ukalazwa uzi wa sufu uliochovywa kwenye lami ya msonobari. Tukaubana kwa koleo za mti zenye kabari, tukatoboa, msumari ukaingia kutoka nje, ndani tukauvisha kijipete cha chuma, ncha ikakatwa, na kilichobaki kikagongwa mpaka kikalala. Klink, klink, klink. Ndilo jina la ufundi wenyewe, klink, kama mlio wa nyundo.

Usiku ule nilimpigia picha za video ami yangu, mdogo wake baba, ambaye bado yuko Matondoni japo macho hayamruhusu tena kazi nzito. Jibu lake lilikuja asubuhi kwa sauti.

"Mwanangu," alisema, "hiyo si kuunda. Hiyo ni kuezeka."

Nikacheka mpaka mgonjwa wangu akaniuliza kuna nini. Lakini alikuwa ameuona ukweli kwa mara moja. Mbao za vyombo vyetu hukaa ukingo kwa ukingo, uso mmoja laini, na ufa wa kati huzibwa kwa pamba na mafuta. Hizi zinalaliana kama makuti juu ya paa, na sababu ni ileile ya makuti: maji yapite yasiingie.

Fundi nilipomtafsiria hakucheka. Alikaa kwenye kigogo, akafikiri, akaniuliza sisi tunalalia nini. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, na hapo ndipo tulipoanza mazungumzo ambayo hayajaisha mpaka leo.

Chombo cha Lamu huundwa kikijua kwamba maji yatapwa nacho kitalala ubavu kwenye tope, tumboni kina boriti au mawe ya kujengea. Kinatakiwa kiwe kizito, mbao nene za mbambakofi, mataruma yaliyokaribiana. Mashua ya kaskazini inaundwa ikijua jambo jingine: kwamba jioni watu wachache watairukia ufukweni na kuivuta juu ya mawe kwa mikono, kwa sababu huko visiwani zamani hapakuwa na bandari, na usiku bahari haiaminiki. Kwa hiyo inatakiwa iwe nyepesi. Mbao zake ni nyembamba hata ukigonga zinaitika. Baharini inapinda. Unakaa ndani unaona mbao zikicheza na wimbi, kidogo tu, kama mbavu za mtu anayehema. Mara ya kwanza niliyoona nilishika ukingo nikasoma nilichokijua.

Mataruma yalikuja mwishoni kabisa, yakachongwa vijingazi ili yakae kwenye kila ngazi ya mbao. Na hapa nilikuta jambo la nyumbani. Taruma halikatwi likapindwa, linatafutwa limeshapinda. Tulikwenda msituni na Fundi, theluji magotini, akipita anaangalia miti kama mtu anayechagua mbuzi. Shina lililoinama kwa upepo, mzizi uliogeuka ulipokutana na mwamba. Hapo akasimama, akapapasa, akasema hili ni la tatu kutoka nyuma. Baba yangu alikuwa akipita kwenye shamba la mwenzake anasimama vilevile chini ya mti, mwenye shamba anatoka nje kuuliza kulikoni.

Michoro hakuna. Fundi ana kijiti chenye alama za kisu na kifaa kidogo cha timazi kinachomwonesha kila ubao ulale kiasi gani. Alama zile alizikuta kwa aliyemfundisha. Nikamuuliza zikipotea je. Akanigusa paji la uso kwa kidole chenye lami.

Shida ilikuwa maneno. Kila Fundi alipotaja kitu kwa Kinorwe, wenzangu walikiandika kwenye daftari, na mimi nilikiandika pia, halafu naacha nafasi pembeni. Nyumbani natuma picha. Hiki tunakiitaje? Ami anajibu. Fashini. Foromali. Henza. Ngama, kule chini tumboni mwa chombo maji yanakokusanyika. Demani, ambayo mimi nilidhani ni majira tu ya mwaka, kumbe ni kamba ya kulishika tanga. Chembeu, ile patasi butu ya kusukumia kalafati ufani, ambayo niliiona kila siku ya utoto wangu na nikaiita "kile". Miezi minne nilijifunza Kiswahili cha baba yangu kutoka kwenye banda la Norway. Sijui nikisema hivi unaona haya gani niliyokuwa nayo. Ami naye mwanzoni alijibu kwa neno mojamoja, kama mtu anayelipa deni asilolikumbuka. Kufika Februari alikuwa ananitumia sauti za dakika saba.

Zamani misitu ya huku juu haikutosha. Mashua nyingi ziliundwa kusini zaidi, kwenye mabonde ya Rana na Saltdal katika mkoa wa Nordland, ambako msonobari na jamaa zake hukua wakanyooka. Wakulima wa kule waliunda majira ya baridi na kuuza kwa wavuvi wa pwani. Wanunuzi walikuwa na haraka ya jambo moja: Lofoten. Kila mwaka kuanzia Januari hadi Aprili chewa wakubwa wa bahari ya baridi (cod), skrei, hushuka kutoka bahari ya Barents kuja kutaga mayai kwenye maji ya Lofoten, na wanaume wa pwani nzima walikwenda kuwangoja kwa vyombo vya wazi, bila sitaha, mwezi wa baridi kali kupita yote. Samaki wale hutundikwa kwenye vichanja vya mti, bila chumvi, na upepo wa baridi ndio unaowakausha. Nyama huuzwa Italia. Vichwa vinakwenda Nigeria, na mwenzangu mmoja wa Lagos hapa hospitalini huvinunua kwa gunia.

Mwaka 1890 kulitokea vurugu ambayo bado inazungumzwa. Meli za mvuke ziliufunga mlango wa Trollfjord, ghuba nyembamba Lofoten iliyojaa samaki, zikataka wavuvi wa makasia wabaki nje. Wavuvi wakavunja njia wakaingia, kwa makasia, kwa kulabu, na kila alichoshika mtu mkononi. Walishinda siku ile. Haukupita muda wa kizazi kimoja injini zikaja kwenye mashua za kila mvuvi, na tanga la mraba likashuka likawekwa ghalani. Hakuna meli iliyolishusha. Walilishusha wenyewe, na nisingewalaumu. Fundi anasema babu yake hakulizungumzia tanga kwa mapenzi hata siku moja. Wanaolipenda ni sisi ambao halikutufia mtu.

Nikaanza kuuliza habari za kushona, kwa sababu ami alinituma niulize. "Waulize kama wanao mtepe," alisema. Kwa asiyejua: mtepe ni chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, mbao zake hazikupigiliwa msumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Omo yake ilichongwa kama kichwa cha ngamia. Na tanga lake halikuwa la pembetatu kama la jahazi. Lilikuwa la mraba, la mkeka. La mraba, kama hili la Fundi. Ule wa mwisho ulipotea kwenye miongo ya mwanzo ya karne iliyopita. "Babu yangu kausafiria," alisema ami. "Mimi nauona makumbusho."

Nilimuuliza Fundi nikitarajia aseme hapana. Akafuta mikono, akasema Wasami walishona.

Wasami ndio wenyeji wa kale wa kaskazini hii, wengi wanawajua kwa kufuga kulungu wa theluji, lakini walikuwa pia mafundi wa vyombo ambao Wanorwe waliwategemea. Katika masimulizi ya wafalme yaliyoandikwa Iceland karne ya 13 kuna habari za Sigurd Slembe, aliyegombea ufalme, akakimbilia huku kujificha majira ya baridi ya 1138 kuingia 1139. Wasami wakamwundia mashua mbili. Hazikuwa na msumari hata mmoja. Zilishonwa kwa kano za mnyama, na mahali pa magoti ya mti zilifungwa kwa vijiti laini vilivyosokotwa. Kila moja ilivutwa na watu 12 kila upande, na inasimuliwa kwamba hakuna chombo kilichozifikia kwa mbio.

Huku kano, kule makumbi. Karne ya kwanza mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika habari za pwani yetu alitaja mji wa Rhapta, akaeleza kuwa jina limetokana na vyombo vya kushonwa vya watu wa hapo. Sisemi kuna aliyemfundisha mwenzake. Huo ni uvivu wa kufikiri ambao umetuharibia historia ya kutosha. Mwenye mbao na hana chuma, au ana chuma lakini ghali, atashona. Sindano ilikuwepo kabla ya nyundo.

Na sindano ilikuwa mikononi mwa nani? Hili nalo liliniweka macho usiku. Greenland kuna umiaq, chombo kikubwa cha ngozi ya sili iliyotandazwa juu ya kiunzi cha mti. Wanaume walifanya kiunzi, wanawake wakashona ngozi kwa mshono usiopitisha maji, na wanawake ndio walioivuta makasia familia ikihama, mpaka Wadenmaki wakaiita mashua ya wanawake. Hapa Norway matanga ya zamani yalikuwa ya sufu. Kipande kimoja cha zama za kati kilikutwa kwenye dari ya kanisa la Trondenes, karibu na Harstad. Sufu hiyo ilikatwa kondoo, ikachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa, kazi ya miaka kwa tanga moja, na kazi ya wanawake. Tanga la mtepe lilikuwa mkeka. Matondoni hujapata kumwona mwanamume anasuka ukili.

Nikamwambia ami: kwa hiyo nusu ya chombo ilikuwa yetu. Sauti yake ilichelewa siku mbili. Kisha akasema, "Nusu, sijui. Ila bila tanga alikuwa haendi mtu." Kutoka kwake hiyo ni hati ya kukiri.

Desemba 2021 ufundi huu wa kulaza mbao uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, kwa ombi la Norway, Sweden, Denmark, Finland na Iceland kwa pamoja. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka kule Unguja, jengo ambalo ndani yake ulikuwa umewekwa mfano wa mtepe wa ukubwa kamili. Nilikuwa zamu ya usiku wa Krismasi nilipoiona habari kwenye simu, na nilikuwa sijui bado kwamba ingeniuma.

Lakini hesabu hii haiko rahisi kama inavyoonekana, kwamba hawa wanatunza na sisi tunaacha. Darasa letu lilikuwa na mhasibu, mwalimu wa hisabati, wawili wastaafu. Hakuna hata mmoja anayeishi kwa mashua. Nordlandsbåt imeheshimiwa baada ya kuacha kazi. Matondoni leo asubuhi kuna mtu anapiga kalafati kwa sababu kesho chombo kinabeba saruji, na mtu huyo hana orodha wala mhasibu wa kumpenda. Tezo ya baba nilimuuliza ami iko wapi. Alikuwa nayo kijana mmoja, na kijana huyo siku hizi anatengeneza vitanda vya hoteli. Vitanda vizuri, ami alisema. Vinalipa.

Mwisho wa Machi, mchana umeshaupita usiku kwa urefu, Fundi alitutoa baharini kwenye mashua ya zamani yenye tanga, magharibi ya Kvaløya, upande wa Håja, kisiwa kilichochongoka kama jino. Mashua yetu ilikuwa bado bandani. Nilivaa sufu tabaka tatu, na mikononi glavu za wavuvi wa zamani, sufu nene iliyofumwa kubwa kupita kiasi kisha ikafuliwa kwa makusudi mpaka ikanywea na kugandamana. Unazichovya kwenye maji ya bahari kabla ya kuvuta kasia. Nilikataa. Vidole vikafa ganzi. Nikachovya. Kweli zinapasha joto zikiwa mbichi, na sielezi.

Kana yao, mpini wa kugeuzia usukani, si ya kusukuma kushoto na kulia kama yetu. Ni fito refu lililoungwa pembeni mwa kichwa cha usukani, unalisukuma mbele na kulivuta nyuma, umekaa. Fundi alinipa. Tanga la mraba likajaa upepo wa nyuma na mashua ikaanza kusema, maji yakigonga ngazi za mbao moja baada ya moja, mlio ambao vyombo vyetu laini havina. Kisha tulipopita mdomo wa bonde upepo ukaanguka kutoka mlimani. Hauji, unaanguka. Mashua ikalala, na mimi, mtoto wa fundi wa vyombo, nikasimama wima.

"Keti," alisema Fundi. Hakupaza sauti. Alikuwa ameshalegeza kamba.

Maji yalikuwa nyuzi nne. Nilikaa nikatazama mikono yangu kwa muda. Fundi, labda kunituliza, ingawa sioni ingetuliza nani, akasimulia kwamba wavuvi wa Lofoten walivaa kisu kiunoni kila saa, na mashua ikipinduka waliupanda mkuku na kukichoma kisu kwenye mbao wapate pa kushika. Mashua tupu ilipofika ufukweni, watu walihesabu visu na kusoma alama kwenye mipini, wakajua nyumba gani ziende kuambiwa. Kuna na yule wanayemwita draug, mtu aliyekufa maji, huonekana akivuta makasia kwenye nusu ya mashua. Ukimwona, usimjibu. Nilimwambia kwetu nako kuna sauti ambazo hazijibiwi baharini. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

Ufukweni tulipika chewa aliyetoka majini saa ileile, amechemshwa, maini pembeni, mayai yake pembeni, viazi. Mølje, wanaiita. Hakuna kitunguu, hakuna hata pilipili manga. Nilikuwa nimekuja na ndimu mbili na kichupa cha pilipili ya kusaga kwenye mfuko wa koti, kwa sababu miaka tisa ni mingi. Fundi aliweka tone moja, machozi yakamtoka, akanyamaza, akanyosha sahani kuomba ndimu tena. Mafuta ya maini yaleyale, alisema akipangusa ndevu, wazee waliyachanganya na lami kupaka mashua. Nikamwambia kuhusu sifa. Papa, chewa. Tukala.

Mashua yetu tuliishua wiki ya mwisho ya Mei. Darasa zima, watu wanane, tuliibeba mpaka majini, na ndipo nilipoelewa kwa mabega yangu maana ya wepesi. Mbao zilikuwa zimekauka bandani majira yote ya baridi, kwa hiyo ilivuja kila mahali, kama ilivyotarajiwa. Tuliifunga gatini tukaiacha ijae, izame mpaka kwenye ukingo, mbao zinywe maji zivimbe zifungane zenyewe. Siku mbili au tatu, alisema Fundi, kisha tunafua maji na haitavuja.

Nilimpigia ami kwa video nikiwa gatini. Alipokea akiwa kitandani.

"Mbona mumeizamisha?"

Nikamweleza.

"Aa. Yanwa mai." Akaitazama kwa muda mrefu, simu ameisogeza mpaka namwona jicho moja tu. "Mwatoka usiku wa manane kuangalia mashua? Huku saa sita."

"Huku saa tano, ami."

"Na hilo yua?"

Lilikuwa nyuma yangu, juu ya bahari, rangi ya embe bivu. Nikamwambia halitui mpaka mwishoni mwa Julai. Akauliza tunaswali vipi. Nikamwambia msikitini tunafuata ratiba ya Makka. Hilo lilimsumbua zaidi ya mashua iliyozama. Ilibidi nimweleze mara tatu, naye akamwamsha mkewe amweleze.

"Mumeisomea dua?"

"Bado."

Akaegemeza simu kwenye kitu, akainua mikono. Nami nikainua yangu, simu nimeibana kwenye kwapa, kwa hiyo sehemu kubwa ya dua ami aliisomea koti langu. Fundi alikuwa anaviringisha kamba. Alituangalia, akavua kofia, akaishika mbele yake mpaka tulipomaliza.

"Haya," alisema ami, anapiga miayo. "Ikisha kunwa, fueni mai, kisha unioneshe ngama. Utumie picha ya ngama, si ya yua."